Kuku Niliyembeba Mpaka Mpofi

Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo linalomshtua. Shule niliiachia darasa la nne, lakini leo nina malori mawili na duka la vifaa vya ujenzi hapa Mubi, na vijana wenye diploma zao wananiita Patron. Nimeona lori langu likilala ubavu matopeni na mzigo wake wote, nikakaa kando nikamenya ndizi. Nimesimamishwa njiani na wenye bunduki, tukaongea, mwishowe wakanisukumia gari. Lakini harufu ya manyoya ya kuku aliyeloa mvua, ile harufu nzito kama ya nguo zilizovundia kapuni, hiyo siiwezi. Ikinifikia puani, ninarudi kuwa mtoto wa Nyabiondo mwenye magoti ndani ya matope.

Kwetu Nyabiondo mashamba yako kwenye miteremko, na nyumba zimekaa katikati ya mashamba. Kwa hiyo maharage yakipandwa, kila mtu hufunga kuku wake. Anayeacha kuku wake wafukue mbegu za jirani hana la kujitetea, hata kanisani watamkalia mbali. Baba yangu alikuwa hodari wa mafundo. Alisokota kamba za mgomba, akamfunga kila kuku mguu mmoja kwenye kijiti nyuma ya jiko, na mimi nikapewa kazi ya kuwapelekea maji na mchwa. Walikuwa saba, nao ndio walikuwa marafiki zangu, maana tangu utotoni nina maneno mengi na wenzangu walinichoka. Jike mmoja mwekundu nilimwita Madamu, kwa sababu alitembea kama mke wa mwalimu wetu akiingia kanisani amechelewa. Nikichuchumaa alipanda gotini kwangu, akafumba jicho moja, akanisikiliza.

Dhoruba ilikuja mchana, wazazi wakiwa shambani. Ulianza upepo, migomba ikalala, kisha ikashuka mvua ya mawe iliyopiga majani na udongo mpaka sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Kuku aliye huru hujua pa kukimbilia. Wale walikuwa wamefungwa. Walikimbia, kamba ikawavuta, wakaanguka, wakakimbia tena. Nilitoka na sufuria kichwani. Kamba ya mgomba ikiloa hukaza, na fundo la Baba halikuwa la mchezo. Kisu kilikuwa huko huko shambani. Niliuma kwa meno. Maji mekundu yalikuwa yanateremka mlimani yakibeba mawe na mbegu zetu, yakapanda kifuani mwa kuku, halafu shingoni. Niliporudi jikoni nilikuwa na Madamu peke yake. Sita walibaki kwenye vijiti vyao wakielea, kila mmoja ameshikwa mguu na kamba ya Baba.

Nilimweka karibu na moto, nikamfunika na kitenge cha Mama, nikampulizia pumzi ya moto mdomoni, nikamdondoshea uji wa mtama kwa kidole. Wazazi waliporudi hawakuuliza habari za kuku. Mlima ulikuwa umemeguka na kulifunika shamba lote, maharage mapya pamoja na mihogo ya zamani. Mama alikaa chini akamnyonyesha mdogo wangu, mtoto akanyonya kidogo, akaacha, akalia. Watu husema baada ya dhiki faraja. Kwetu baada ya dhiki ilikuja njaa, na kabla juma halijaisha maziwa ya Mama yalikuwa yameanza kukauka.

Baba alikuwa na rafiki kule Mpofi, upande wa Walikale, aitwaye Papa Bitondo, aliyezoea kununua maharage yetu. Kwake mihogo haikukosekana. Lakini mkono mtupu haulambwi. Ukienda kwa mtu kuomba chakula, unatanguliza kuku, na awe hai, kwa sababu kuku aliyekufa ni kama kumpelekea mwenzako msiba mlangoni. Na kuku tuliyebaki naye alikuwa mmoja, anakohoa.

“Njo ile tuko nayo,” Baba alisema, na njo ya kwetu ni ndiyo, “na wewe njo utaibeba, maana iko inakuzoea.”

“Papa, iko mugonjwa.”

“Basi ikufie wapi? Ikifa mu njia, tunarudia hapo hapo, na mama yako ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe.”

Nilimbeba Madamu ndani ya shati, kwenye ngozi. Njia ilikuwa imekatika kila mahali. Tulipita juu ya magogo, tukavuka mito tukishikana mikono, na mvua haikutuacha. Kila tulipopumzika niliweka sikio kifuani mwake. Kuna mahali, tukishuka kuelekea msituni, alilegea shingo, na Baba, mtu asiyesali hadharani, alisimama katikati ya njia akavua kofia. Nilimtafunia kumbikumbi nikamtia mdomoni, nikamsugua mabawa mpaka akafungua lile jicho lake moja. Sikujua tena ninamwokolea nani. Nilitaka apone kwa sababu nilimpenda, na nilitaka apone ili tumtoe.

Papa Bitondo alimpokea kwa mikono miwili. Alimgeuza, akamtazama, akatutazama na sisi, jinsi mifupa ilivyotutoka.

“Ndugu yangu,” alimwambia Baba, “muntu anatembea na njaa, anabeba kuku?” Akamgeukia mke wake. “Mama, weka maji ku moto.”

Nilidhani ni maji ya kuoga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, lakini Papa Bitondo hakuwa mtu wa kuponea njaa ya wageni. Jioni ile alituwekea ugali wa mihogo na nyama, na firigisi, ambayo ni heshima ya mgeni, aliiweka kwa vidole vyake katika sahani yangu.

“Kula, Papa mudogo. Wewe njo uliileta.”

Baba hakunitazama. Kukataa firigisi ni kumtukana mwenye nyumba, na mizigo ya mihogo ilikuwa bado ghalani mwake. Niliitafuna nikaimeza. Mdogo wangu aliishi kwa mihogo ile, na leo ni mama wa watoto wanne.

Juzi dhoruba ilipiga hapa Mubi. Lori langu lilikuwa limeshusha simenti uani, na turubai, ambalo vijana huliita shitingi, lilikuwa ndani ya ghala lililofungwa, ufunguo mfukoni mwangu. Mawe yalipoanza kugonga bati, vijana waliniita, “Patron, shitingi! Ufunguo!” Niliwasikia vizuri sana. Miguu yangu ilikuwa imeshafika kwenye banda la kuku wa mke wangu, watano tu, ambao hata hawakufungwa kamba, na nilikaa nao humo, nimewakumbatia, mpaka mvua ikaisha.

“Papa Neema,” mke wangu aliniuliza nilipotoka, “nikuulize tu, ulikuwa unamuficha nani?”

Nilikwenda nikaigusa simenti, nikakuta tope, na kesho yake ikawa mawe. Ilikuwa mifuko sitini na tatu, kila mfuko dola ishirini. Dola elfu moja mia mbili na sitini.