Kwaya ya Kumficha Shosho Wambura

Hotelini kwa Gladys, hapa Kanja, kila Jumapili jioni mtu mmoja hupangiwa kuchungulia njia. Akimwona Shosho Wambura, bibi mzee wa hapa kijijini, anakuja, rimoti inarukiwa, runinga inahamishiwa nyimbo za kanisa, na sote tunajifanya wapenzi wakubwa wa kwaya.

Tunachoficha ni tamthilia mpya, iliyotolewa kwenye riwaya ya vita vya msituni vya kupigania uhuru. Kanja nzima imegeuka hakimu. Wapiganaji wamenyolewa ndevu vizuri mno. Viatu vyao vipya, kwani msituni kulikuwa na duka? Mwalimu Ednah, aliyeisoma riwaya, hukasirika kila wiki kwa sababu wamebadilisha. Lakini homugadi, yule Mwafrika aliyeshika bunduki upande wa Wazungu, tunamzomea kwa sauti moja mpaka chai inamwagika.

Babake Shosho Wambura alikuwa homugadi. Aliuawa Wambura akiwa bado ananyonya. Picha yake hakuna, na mamake alikufa bila kumzungumzia. Wambura akakua, akaolewa, akachuma majani chai hadi vidole vikapinda, akamzika mumewe, akawa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Muda wote huo kijiji kizima kilijua habari za babake, na hakuna aliyemtajia. Tulisema ni heshima.

Jumapili iliyopita mchunguliaji alinogewa na tamthilia akasahau kazi yake. Tulishtukia Shosho yuko mlangoni. Gladys, sufuria mkononi, akaanza kutafuta rimoti.

"Wacha hapo hapo," Shosho akasema. "Hiyo kwaya yenu nimechoka nayo. Mnafikiri mimi ni mtoto? Nipeeni kiti."

Akaketi mbele kabisa. Bahati yetu mbaya, ndiyo siku homugadi alivamiwa mbele ya nyumba yake. Akaanguka. Siku nyingine tungeshangilia mpaka mabati yatetemeke, lakini sasa kila mtu aliangalia kikombe chake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shosho hakulia. Alikuwa ameinama mbele, amekaza macho kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Matangazo yalipoingia, akamgeukia Mzee Mbogo, ambaye babake alikuwa msituni na hakurudi.

"Baba Gedion, wewe ulikuwa mtoto mkubwa wakati huo. Huyu wa tivi ni mrefu. Baba yangu alikuwa mrefu hivyo?"

Mbogo akaweka kikombe chini.

"Hapana," akasema. "Alikuwa mfupi. Na alikuwa na mwanya hapa mbele, mkubwa. Akicheka, hata sisi watoto tulikuwa tunacheka tu, bila kujua ni nini."

Shosho akapeleka kidole kwenye meno yake, polepole.

"Kumbe," akasema. "Watoto wangu wote wana mwanya huo. Nimekuwa nikijiuliza ulitoka wapi."

Tamthilia ikarudi. Yeye akaipa mgongo, akavuta kiti mpaka kikagusana na cha Mbogo.

"Niambie kingine," akasema.