Bia Iliyomiminwa Ndani

Pale kijijini Luberizi, Domitille alijulikana kwa mambo mawili: pombe yake ya ndizi, ambayo haikumuumiza mtu kichwa, na jicho lake, ambalo halikulala. Hakumwamini mtu bure, na tusimlaumu sana. Mumewe Thaddée alirudi kutoka kwenye kilio cha jirani akishika tumbo, na kulipokucha alikuwa maiti. Nani alimpa nini, hakuna aliyejua. Tangu hapo mjane huyu hakunywa kitu ambacho mwenye kukitoa hajakionja mbele yake.

Kuonja kwanza ilikuwa desturi ya wote huko, ila wenzake waliifanya kwa heshima, yeye kwa hofu. Kila Noeli, watu wakitoka misani, mtungi uliwekwa katikati ya ua. Domitille alivuta funda la kwanza kwa mrija, wote wakimtazama, ndipo kila mmoja akachomeka wa kwake. Wanawake waliimba na kupiga makofi, na wenye miguu myepesi wakacheza mpaka vumbi likapanda. Hakuna siku aliyoipenda kama hiyo, maana watoto wake wote walikuwa wamemzunguka.

Noeli ya mwaka wa hamsini na nne mwanawe Norbert, aliyekuwa amepata kazi bandarini Kalundu, alileta mke mpya, Capitoline, binti wa Songo, kule Uvira mjini. Alileta na gramofoni. Vijana wakauacha mtungi, wakalizunguka lile sanduku, na wimbo wa wanawake ukafia njiani. Capitoline alipopewa mrija aliupangusa kwa leso kabla ya kunywa. Domitille aliona. Anapangusa mate yetu, au anapaka kitu?

Noeli iliyofuata Capitoline alikuja na bia ya chupa, na glasi zilizofungwa kwa magazeti. Domitille alimwona akinong'ona na Louise, binti yake Domitille mwenyewe, wakacheka. Wananicheka, au wananipangia? Mara Capitoline akaingia ndani, akakawia, akatoka na sinia la glasi zenye povu. Ya kwanza alimpelekea mama mkwe, akapiga magoti.

Kwao mjini huo ndio ulikuwa ustaarabu: kinywaji humfikia mgeni kikiwa tayari. Luberizi, kinywaji kilichomiminwa gizani hata mbwa hapewi.

"Kunywa, mama," alisema Norbert. "Iko ya kwako."

"Nani aliimimina?"

"Ni minye, mama," alijibu Capitoline.

"Basi kunywa weye kwanza."

Gramofoni iliendelea kuimba. Capitoline aliinywa yote mpaka chini, machozi yakimtoka, akairudisha glasi kwenye sinia. Domitille alimchunguza hadi jua likazama, akingoja ashike tumbo. Hakushika. Mama mkwe aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini kuomba radhi kulimshinda.

Mwaka uliofuata Norbert alituma neno kwamba Noeli italiwa kwake Songo. Domitille aliwaza usiku na mchana: wameniibia sikukuu yangu, na huko sijui wameniandalia nini. Hata hivyo alipanda lori pamoja na Louise. Angebaki Luberizi na nani?

Huko alikuta glasi zinapita mkono kwa mkono, na watu wanacheza wawili wawili. Capitoline alimkalisha kwenye meza ndogo kando. Akamwekea chupa iliyofungwa, kifungulio, na glasi safi iliyofunikwa.

"Fungua weye mwenyewe, mama," alisema, amepiga magoti kama mwaka ule. "Hakuna mwenye aliigusa."

Domitille alitafuta dharau katika sauti ile, akaikosa. Ilikuwa heshima tupu, na ilimchoma kuliko tusi. Aliifungua chupa, akamimina, akaonja mbele ya mkwewe kama alivyozoea kuonja nyumbani. Kisha akamnyooshea glasi.

"Shika, mwanangu. Tukunywe wote."

Capitoline aliitazama glasi, kisha akaitazama mikono ya mama mkwe.

"Aksanti, mama. Minye niko na ya kwangu."

Akainuka, akarudi kwa wachezaji. Domitille akabaki mezani peke yake na chupa yake.