Kiambatisho A: Jani la Sale

Mimi nikishika kalamu kumwandikia mtu wa serikali, hubadilika. Sauti yangu ya kila siku, hii ya kufukuza kuku na kuulizia chumvi, hunitoka, na ndani yangu anaingia bwana mmoja mwenye tai, ambaye hawezi kutamka "naomba" mpaka kwanza aseme "kwa heshima na taadhima". Kijijini wananiita Katibu. Nilikaa muda mrefu nikidhani ni sifa.

Kazi niliyostaafia ni ya masijala, ofisi moja mjini Moshi, chumba cha nyuma kilichojaa majalada mpaka dirisha likazibwa. Barua ilikuja, nikaipiga muhuri wa kupokelewa, nikaitoboa matundu, nikaipa namba, nikaifunga kwenye jalada lake na kuipeleka kwa wakubwa. Sikuwahi kuamua jambo hata moja, hata la kununua ufagio. Lakini ukishinda na barua za watu maisha yako yote, unaanza kujiona fundi. Niliporudi kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba la ukoo huku juu ya Kwa Sadala, kukaa na mama yangu mzee, nikatangaza kwamba mwenye shida na serikali aje kwangu. Wakaja, masikini. Mtu alikuja na habari ya bomba lililopasuka, akaondoka na barua inayoanzia siku mababu walipochimba mifereji kutoka mlimani. Majibu hayakuja mengi. Nilikuwa nawaambia serikali ina mambo mengi.

Basi ikaamuliwa barabara yetu ipanuliwe, iwekwe lami. Vijana wa vipimo wakaja na kopo la rangi nyekundu. Wakapiga X kwenye ua, wakapiga X kwenye choo cha zamani, halafu, kwa adabu kabisa, mmoja wao akiwa amevua kofia, wakapiga X kwenye saruji ya kaburi la baba.

Kwetu mtu huzikwa kihambani mwake, kati ya migomba yake, na baba yangu alizikwa upande wa barabarani kwa sababu ndiko alikopenda kukaa akiwakosoa wapita njia. Habari ya fidia ilikwisha mapema, haikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa huu: kwenye mkutano wa kijiji tulisomewa kwamba makaburi yote yaliyomo ndani ya eneo la barabara yatafukuliwa na mkandarasi na kuhamishiwa makaburi ya umma kule tambarare.

Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu vya mkutano, akaniambia, "Waandikie. Baba yako hawezi kwenda kulala na watu asiowajua. Hata alipokuwa hai hakuwa anapenda wageni. Waambie haondoki hapa." Aliendelea kusema, naye alisema mengi, lakini mimi sikuyasikia. Yule bwana mwenye tai alikuwa ameshaingia.

Aisee, niliandika. Niliomba barabara ikunjwe. Ndiyo, barabara nzima, ipigwe kona kulizunguka kaburi la mtu mmoja. Nikataja sheria, zile ninazozijua na nyingine ninazozihisi. Nikataja urithi wa taifa, mmomonyoko wa udongo, hata watalii ambao wangeweza kusimama kwenye kona hiyo kupiga picha mlima. Nikapeleka mswada kwa dada wa steshenari pale sokoni Kwa Sadala ili auchape. Dada yule ana subira, lakini na subira ina mwisho wake.

"Mzee, hapa pameandikwa 'mimi mnyonge niliye vumbini mwa nyayo za ofisi yako tukufu'. Nipaache?"

"Paache."

Akachapa weee, mpaka akasimama tena. "Samahani mzee, hii barua si inahusu kaburi? Mbona bado sijalikuta?"

Tukatafuta wote wawili. Baba alikuwa ukurasa wa tatu, ndani ya mabano, baada ya mmomonyoko wa udongo. Nikamwambia dada kwamba ndivyo barua za serikali zinavyojengwa, hoja kubwa haitangulii mlangoni.

Nilipofika nyumbani na barua yangu safi, mama akaipima mkononi kama anayepima kilo ya nyama, akauliza, "Umeweka sale?"

Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Kwetu jani lake ndilo ombi lenyewe. Mtu aliyekukosea, au mwenye haja nzito, akija ameshika sale, huna ruhusa ya kumfukuza kabla hujamsikiliza. Hata kama umeapa. Mama ni Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, lakini haamini kwamba jambo kubwa linaweza kuombwa mikono mitupu.

"Mama, hii ni serikali," nikasema. "Huko wanataka maandishi."

"Kwani serikali haina wazazi?"

"Mama, watanicheka!"

"Si wameshakuzoea?"

Nikashindwa. Lakini karani hafi ndani ya mtu. Kuingiza kwenye barua ya serikali kitu kisichoorodheshwa sikuweza, roho ilikataa. Nikakata jani ukingoni mwa kaburi, nikalibana nyuma ya kurasa kwa stepla, na chini kabisa, baada ya sahihi, nikaandika: "Kiambatisho A: Jani la sale (moja)." Nilipomaliza nikajisikia vizuri.

Nikaipitisha ngazi zote kama inavyotakiwa. Mtendaji wa kijiji alipoliona lile jani alisimama, akapiga muhuri wake bila kusoma neno. Mtendaji wa kata hivyo hivyo. Nikaamini ni nguvu ya hoja zangu. Mjini, kwenye ofisi ya barabara, nilimkuta binti wa masijala, mgeni wa huku kwetu, akaligeuza jani na kuniuliza, "Hii taka niitoe, mzee?"

"Si taka, binti. Ni kiambatisho."

Akatazama orodha chini ya barua, akakuta kweli. Akapanga kurasa zote pamoja na jani, akaviingiza kwenye mashine ya kutobolea, akakandamiza. Kreki! Jani likapata matundu mawili, likapewa namba, likafungwa jaladani. Mtu mwingine angekasirika. Mimi machozi yalinilengalenga kwa furaha, maana alifuata utaratibu kuliko hata mimi enzi zangu.

Nikamsimulia mama kwa majivuno. Alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama.

"Wametoboa sale?"

"Ni utaratibu, mama."

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo, unatazama."

Jioni ile nilijipakulia ndizi mwenyewe.

Ukaja ukimya. Kule chini barabara ilikuwa inakuja, tukilisikia greda kila asubuhi, na kila asubuhi mngurumo ulikuwa umepanda kidogo. Mama akaanza kutoka na kigoda chake mchana kwenda kukaa kando ya kaburi. Alisema anaota jua, na pale hapana jua, pana migomba. Akiniuliza barua imefikia wapi, nilimjibu, "Inashughulikiwa." Neno hilo nililiuza mlangoni pa masijala kwa miaka mingi, nikiwapa wajane na wastaafu, wakashukuru na kuondoka. Siku nilipolisema kwa mama yangu ndipo nilipojua ladha yake. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, naogopa greda.

Siku moja bodaboda ikasimama getini, akashuka kijana mwenye jalada kwapani. Alijitambulisha kuwa ni afisa wa ofisi ya barabara, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa. Akampa mama shikamoo yake kwa heshima, akaletewa machalari ya ndizi na nyama, akala akamaliza. Kisha akanigeukia.

"Mzee, barua yako tumeisoma," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuugua. "Mimi niliisoma, nikaona inagusa udongo, nikampa mtu wa mazingira. Yeye akaona inagusa watalii, akaipeleka mbele. Huko wakaona ina sheria, ikaenda kwa mwanasheria, akazitafuta zile sheria zako. Nyingine bado anazitafuta. Na jalada likiwa linazunguka, mkandarasi haruhusiwi kugusa kaburi."

Nikamtazama mama, kifua mbele. Umeona?

"Ila ombi la kukunja barabara limekataliwa."

Kifua kikarudi mahali pake.

"Sasa shida yangu ni hii." Akafungua jalada. Jani lilikuwa limekauka, la rangi ya tumbaku, na matundu yake mawili. "Kila ninayempa aandike barua ya kuwakatalia, akifungua akaliona hili, ananirudishia. Hasemi kitu, analiweka tu mezani kwangu. Wote ni watu wa huku. Nikalipeleka kwa mkubwa wangu atie sahihi, naye ni wa huku, akaniuliza nani amelitoboa! Yule binti wa masijala nusura alie. Mkubwa akasema hili halijibiwi kwa posta, lazima mtu aende. Na kwa kuwa mimi si wa huku, nikaambiwa niende mimi."

Akaacha kunitazama. Akakisogeza kiti chake kuelekea kwa mama.

"Bibi, wameniagiza nikifika nisiulize habari ya barua. Nikuulize wewe, unaomba nini?"

Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Barabara ipite, mwanangu. Nani anakataa lami? Mimi nimechoka na tope, nikienda kanisani nafika kama nimetoka kulima. Naomba tu mzee wangu asitolewe kihambani. Asogezwe pale, nyuma ya jiko, karibu na mahali nilipochagua pangu pa kuzikwa. Na tumsogeze sisi wenyewe, asishikwe na watu wasiomjua."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Sasa hilo, bibi, mbona lina utaratibu wake kabisa! Aje bwana afya, mchungaji awepo, basi. Linahitaji barua ya maombi tu."

Wote wawili wakanigeukia.

"Mama," nikasema, nikitamani ardhi inimeze, "mbona hukuniambia hivi tangu mwanzo?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unatafuta kalamu."

Afisa akajifanya anatazama migomba. Nikaleta karatasi. Nikaanza, "Kwa heshima na taadh..." na mama, ambaye haoni vizuri lakini ananijua, akasema, "Futa." Nikafuta. Nikaandika anachosema, neno kwa neno, mkono ukiniuma kwa kutozoea: kwamba anaomba mume wake ahamishiwe nyuma ya jiko, ndani ya kihamba, na ahamishwe na watu wake. Mistari miwili. Haikujaza hata robo ya karatasi, ikanitia aibu kwa weupe wake. Akaweka dole gumba. Nikauliza kwa sauti ndogo kama niweke walau nakala kwa mkuu wa wilaya. Afisa akaichukua karatasi, akaitia jaladani.

Kibali kililetwa kabla greda halijafika kona yetu.

Siku yenyewe ndugu walikuja mapema, na mchungaji, na bwana afya na glavu zake. Dereva wa greda alizima injini bila kuambiwa, akakaa pembeni kofia mapajani. Shimo jipya nyuma ya jiko lilikuwa tayari, na kando yake palikuwa pameachwa nafasi, ambayo mama alikwenda kuikagua kwanza kama ni pana ya kutosha. Mimi nilikuwa nimevaa koti, na mfukoni nina risala. Ndiyo, risala. Niliiandika na kuirudia kwa ajili ya kumuaga baba pale alipokuwa, ina utangulizi na shukrani.

Vijana wakainua sururu. Mama akawazuia kwa kiganja. Akasogea, akainama taratibu akishika bega langu, akaipiga ile saruji kwa kofi, pwa, pwa, vile alivyokuwa akiugonga mlango wa chumbani baba anapochelewa kuamka.

"Mzee," akasema kwa Kichagga, sauti ya kawaida kabisa. "Usishtuke, ni sisi. Barabara inapita, tunakusogeza kwangu jikoni. Walitaka kukupeleka tambarare."

Akaipangusa saruji vumbi kwa upindo wa kanga.

"Mwanao akawaandikia barua, wakashindwa."

Mchungaji akanitazama, akaniuliza kama niko tayari kusoma. Nilivua koti, nikampa mtu ashike, nikamwomba kijana mmoja sururu yake.