Duka la Mzee Nati Lililopangwa Upya

Sisi tuliofanya kazi naye ukuta kwa ukuta tulimwita Mzee Nati, na yeye aliitika kana kwamba jina hilo alipewa na mama yake mzazi. Aliuza misumari, skrubu, kufuli na makorokoro yote ambayo mtu huyakumbuka pale tu kitu kinapomvunjikia mkononi. Mimi cherehani yangu ilikuwa mlango wa pili. Ukuta kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila neno, na sioni haya kusema hivyo. Kushona mapazia kunachosha, na masikio hayana kazi nyingine.

Duka lenyewe lilikuwa aibu tupu. Katikati lilisimama kabati kubwa la mbao lisilo na milango, limejaa makopo ya rangi na ya maziwa, na hakuna hata kopo moja lenye maandishi. Mteja akiomba skrubu, Mzee Nati aligeuka huku akiendelea kubishana naye habari za mpira, akapotea nyuma ya kabati, akarudi na skrubu zile zile zilizotakiwa. Hakutazama alikoshika. Siku moja nilimtania, "Ukifa wewe, tutapata wapi hata msumari?" Akanijibu, "Basi nunua leo, fundi. Unasubiri nini?"

Halafu homa ikampanda kichwani. Alilazwa muda mrefu, mara anatambua watu, mara hatambui. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa akitoka kazini benki anakwenda moja kwa moja kukaa kando ya kitanda. Kukaa bila la kufanya kulimtesa. Akaomba likizo, akalivamia duka. Kabati likabomolewa, mbao zikachukuliwa na wauza kuni. Kuta zikapakwa rangi nyeupe, vikaja visanduku vya plastiki vimepangwa ukutani, kila kimoja na jina lake. Katikati pakabaki peupe, unaweza kucheza muziki. Mimi mwenyewe nilisimama mlangoni nikamwambia, "Baba yako atalia kwa furaha."

Siku Mzee Nati aliporuhusiwa kutoka hospitali, alishuka kwenye gari akaja kwa miguu yake, akaruka jiwe bovu la ngazi kama alivyoliruka siku zote. Nikashukuru moyoni. Kufika mlangoni akasimama, akachungulia ndani, akarudi nyuma. "Samahani," akasema, "nimepitiliza." Akaja kwangu. "Fundi, hujambo? Hebu nielekeze, duka langu liko wapi?"

"Baba, ni hapa," binti yake akamshika mkono. "Nimekupangia."

Akaingia ametanguliza mikono mbele. Akazunguka, akatazama kuta. Kwa adabu kabisa akasema, "Pazuri. Ni la nani?"

Tulirudi naye hospitali, na daktari akatueleza mimi na binti, taratibu, kama mtu aliyezoea kusema maneno hayo. Alisema ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo ambayo huyachukua mambo ya leo na kuyahifadhi ili kesho yapatikane. Sehemu hiyo hiyo ndiyo inayomchorea mtu ramani ya kila mahali papya. Homa imeiharibu. Mambo yaliyokaa miaka mingi yameshajikita kwingine, hayo bado anayo: mtaa wake, nyumba yake, duka lake. "Mahali papya hatapazoea tena," alisema. "Msimbadilishie kitu. Mrudisheni dukani kwake, akiwa pale atajiweza."

"Na kama duka limebadilika?" binti akauliza.

"Limebadilika kiasi gani?"

Binti aliinamisha kichwa, akawa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

Utasema, si kuna majina kwenye visanduku? Kusoma anajua. Alianza kisanduku cha kwanza, akaenda cha pili, cha tatu, na akifika katikati ya ukuta alikuwa ameshasahau anatafuta nini. Akigeuka anamkuta mteja, anamsalimia upya. Mwanzoni watu walicheka, walidhani ni utani wake ule ule. Baadaye wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Na kila asubuhi alikuja. Hakukosea njia hata mara moja. Alifika mlangoni na kupigwa na butwaa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa ya kwanza. Sisi wengine tulikuwa na jana na juzi za kutuzoesha, yeye hakuwa nazo. Nilianza kuyachukia masikio yangu.

Binti akaamua kulirudisha duka kama lilivyokuwa. Lakini nani aliyejua lilivyokuwa? Mimi nililiona kwa miaka, na nilichoona ni vurugu. Akamuuliza mwenyewe.

"Baba, kufuli zilikaa wapi?"

"Si pale pale?"

"Pale wapi?"

"Pale zinapokaa, mwanangu. Unanichekesha."

Wala hakuwa anaficha. Alikuwa hajawahi kuyasema mambo hayo kwa maneno.

Jumamosi moja binti aliniita. "Shangazi, jifanye mteja. Baba, wewe fumba macho, uniuzie kama zamani." Niliomba bawaba. Mzee Nati akafumba macho, akapiga hatua, akajipinda ubavu kupita kwenye kona ya kabati ambalo halipo, akainua mkono usawa wa kichwa. Vidole vikaanza kupapasa hewani.

Binti akaona. Akachomoa kisanduku cha bawaba ukutani, akasimama katikati ya duka, akakishika kwa mikono miwili pale pale mkono ulipofika. "Omba tena, shangazi."

Nikaomba. Akaja, akajipinda, mkono ukapanda, ukaingia kisandukuni. Uso wake wote ukafunguka. "Za mlango wa ndani au wa nje?" akauliza, kwa sauti ile niliyoisikia ukutani miaka yote. Nililia, sitaficha.

Vidole vyake vikagusa vya binti. Akakunja uso, macho bado ameyafumba. "Mwanangu, mbona umesimama ndani ya kabati?"

"Nimeshika bawaba, baba."

"Toka humo. Utaangukiwa na makopo."

Hapo akaingia fundi bomba, mteja wake wa zamani, akasalimia na kuomba koki. Mzee Nati aliitambua sauti. Hata hakufumbua macho. Aligeuka kulia, akaenda hadi mwisho wa chumba, akachutama, akapeleka mkono chini karibu na sakafu, akawa anapapasa, anapapasa. Binti yake alimwona. Hakusogea, kwa sababu akisogea, mahali pa bawaba patapotea.