Kukhu Si Mgeni Hapa Kitale

Mdogo wangu Nekesa, mwakani utachukua kitambulisho, kwa hiyo nisikilize. Nakumbuka siku ile afisa wa benki alipokuja kwetu. Usiku wa kuamkia siku hiyo usingizi ulinikataa. Je, mtoto anaweza kumsahihisha babake mbele ya mgeni? Unanijua, hata chumvi naifikiria mara mbili.

Baba alitaka kuhamishia mkopo wa nyumba kwenye benki yenye riba nafuu. Benki hiyo ilitaka kila mtu mzima anayeishi ndani akubali kwa maandishi kwamba mkopo usipolipwa, kukaa kwake humo hakutazuia nyumba kuuzwa. Baba hakutaka kumtia Kukhu, mama yake, hofu ya kufukuzwa. Akaona heri aseme Kukhu ametoka Chwele kututembelea tu. Kukhu aliyetulea!

Afisa alipouliza, Baba akajibu hivyo hivyo. Kukhu akatokea jikoni, jogoo kwapani, kisu mkononi.

"Ati mimi mgeni? Basi jogoo huyu, nani ananichinjia?"

Afisa akacheka. "Hata kwetu Kimilili, mama, mgeni hachinji kuku."

"Si ndiyo hiyo! Na firigisi, fungu la mwenye mji, nimpe nani, kama yeye ananikana?" Akamwachilia jogoo.

Baba akatazama viatu vyake. Heshima si woga, mdogo wangu. Nikasimama.

"Nisamehe, Baba. Kukhu anaishi hapa. Mimi pia, nami nina kitambulisho. Tuandikwe sote, lakini kwanza Kukhu aelezwe na wakili wake mwenyewe, si wa benki."

Kwa wakili, Kukhu aliuliza, "Mwanangu akishindwa kulipa, nitatolewa?"

Wakili hakumficha: deni si lake, lakini akitia sahihi, anaweza kutolewa.

Kukhu akamgeukia Baba. "Ungeniuliza, ningekubali tangu zamani. Mzigo wa mwanangu haunitishi. Kuitwa mgeni ndiko kulikoniuma."

Akatia sahihi pole pole, mgongo wima. Nami nikatia chini ya jina lake, kifua kimejaa fahari.

Jioni jogoo alichinjwa. Kukhu akampa Baba firigisi. Baba akaihamishia kwenye sahani yangu, mimi msichana.

Penye wazee haliharibiki neno, ila wazee waulizwe. Ukikopea nyumba, hesabu watu kabla ya vyumba. Ukiombwa sahihi, elezwa kwanza. Mungu akujalie nyumba isiyomwita mwenyeji wake mgeni.