Siku Tuliyokatazwa Kuuliza

Huku kwetu Mchikichini, kwenye mitumba, mtu akipatwa na jambo humpi pole kavukavu. Unampa pole, unavuta kiti, unauliza, "Ilikuwaje?" Naye anasimulia toka mwanzo. Akija mwingine, anasimulia tena. Kwa msiba au mguu uliovunjika, hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Ndiyo maana jirani yangu wa meza, dada anayeuza magauni, alipobakwa na mtu anayemfahamu, siku mbili za kwanza tulikaribia kummaliza kwa upendo. Hospitali alishapelekwa siku ileile na mama wa mapazia, mkubwa wetu pale. Lililobaki ni kutoa maelezo polisi, dawati la jinsia. Siku ya tatu akasema haendi. Amechoka kusimulia.

Mama wa mapazia akatukusanya. Akagawa kazi: huyu amuuzie magauni mezani, huyu amchukulie mtoto shuleni, huyu apike, mmoja amsindikize. Kisha akasema, "Na kuanzia leo, atakayemuuliza ilikuwaje, namfunga ndani ya pazia."

Jamani, sisi hawa? Sisi tunaojua hadi samaki aliyeliwa jana nyumba ya tatu? Nilitafuna karanga mfululizo ili mdomo uwe na shughuli.

Asubuhi ya kwenda, aliyepangwa kusindikiza ni mmoja, tukatokea tisa, wengine wametinga vitenge vya sare. Kila mtu alidhani asipoonekana ataambiwa hana utu. Dada akatutazama.

"Mnanipeleka polisi au mnanipeleka ukumbini kama bibi harusi?"

Hatukujua tucheke au tufanyeje. Akacheka yeye, kidogo. Akasema na kundi lote hili yeye haendi. Mama wa mapazia akamuuliza anamtaka nani. Akaninyooshea mimi kidole.

"Huyu. Mdomo haufungi, lakini hajaniuliza."

Kweli sikuuliza. Niliogopa nitalia kabla yake.

Kwenye bajaji nikamweleza habari za duka langu la magauni ya harusi litakalokuwa Kariakoo, ghorofani, lenye vioo pande zote. Darasa la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa, lakini duka nalijua mpaka rangi ya zulia. Akasema bibi harusi gani atapanda ngazi zote hizo. Tukabishana hadi kituoni. Ndani, askari mwanamke akafunga mlango, akamwambia aseme taratibu, hana haraka. Nikamshika mkono, nikatazama sakafu. Akasema yote, mara moja, akatia sahihi.

Tuliporudi sokoni wenzetu walikuwa wamekaa wima kama wanapigwa picha, swali limewajaa mashavuni. Yule muuza viatu akashindwa kujizuia, akafungua mdomo. Mama wa mapazia akamkata jicho.

"Ume... umekula?"

"Bado," dada akasema.

Basi wakapata pa kutokea. Kila mmoja akamuuliza kama amekula, na kila mmoja akaleta sahani. Akachagua pilau, nyingine akatuambia tugawane. Alipomaliza akanawa, akainuka, akaanza kupanga magauni yake.