Tairi Iliyoshika Nafasi

Siku yangu ya kwanza kwenye steji ya spesho pale Jinja, karibu na soko, nilifikiri magari yote yameugua kwa pamoja. Spesho ni gari ndogo ya kukodi, si ile taxi ya kujaza watu. Nilikuwa nimepaki mkiani mwa laini, pamiti yangu mpya ya udereva iko kwenye pochi, bismillah yangu nimeshasema. Nikaona mzee mmoja anakuja na gunia la mahindi begani, anatembea kwa taabu. Dereva wa mbele akashuka, akafungua boneti, akainama. Wa pili akafungua. Wa tatu pia. Mimi nikachukua jerikeni ya maji kwenye buti, nikakimbia kuwasaidia.

"Injini imechemka?" nikauliza.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwenyekiti wa steji, mtu wa Buwenge aliyeshika usukani kabla mimi sijazaliwa, akanivuta pembeni.

"Mama Shadia, rudisha maji. Yule mzee anaenda hapo kwenye kona tu. Ukiona abiria wa karibu, unafungua boneti. Anadhani gari mbovu, anapita."

"Na kama ni nzima?"

"Ndiyo maana unainama. Asikuone uso."

Nikampakia yule mzee. Kwa kuwa nilikuwa mkiani sikupoteza kitu, nikajiona mcha Mungu kweli. Kesho yake nilifika mbele, na hapo ndipo nilijua uchungu wenyewe.

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, msiwaite wale madereva wabaya. Laini ni hivi: unafika baada ya sala ya alfajiri, unasogea polepole, jua linakuchoma, chakula cha mchana unakila ndani ya gari. Unapofika mbele, unaomba Mungu akuletee mtu wa mbali. Halafu anakuja mtu wa hapo kwenye kona. Ukimpeleka, ukirudi unaanza tena mkiani, na nyuma yako yule aliyekuwa wa pili amepata wa Buwenge, safari ndefu. Gari ya watu ukiiwasha na kuizima kila mara, inakunywa mafuta. Jioni Tajiri anakungoja na hesabu yake. Tajiri ndivyo tunavyomwita mwenye gari, hata kama naye ana shida zake. Kwa hiyo safari fupi ilikuwa inamuuma dereva, na uchungu ule ndio ulifungua boneti.

Mimi lakini niliona ule ni uongo, na uongo sikuuweza. Niliwaambia, "Boneti yangu itafunguka siku gari itakapougua." Wakanipa jina, Mama Karibu.

Tajiri wangu alikuwa mwanamke, muuza vitambaa. Alipohamishia duka Mbale, gari ikaenda naye, na mimi nikaifuata na watoto wangu. Jioni nilikuwa nasoma masomo ya watu wazima, siku hizohizo nilizoanza kusoma kibao cha barabarani bila kutikisa midomo. Steji yetu mpya Mwenyekiti wake alikuwa mwanajeshi mstaafu, tukimwita Afande. Na pale pia boneti zilikuwa zinafunguka.

Zilifunguka zaidi kwa Bibi Rehema. Alikuwa na sukari, na kwenye mguu wake kulikuwa na kidonda. Nesi wa kliniki moja huko Nabuyonga alimwambia wazi: kidonda kisafishwe kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Kutoka kwake mpaka kliniki si mbali, mzima anatembea huku anapiga soga. Yeye hakuweza. Kwenye boda hakuweza kupanda. Alikuwa anatokea kwenye kona na fimbo yake, na boneti zinafunguka moja baada ya nyingine.

"Leo tena zimeugua, watoto wangu?" alikuwa anawauliza. Alijua. "Mungu aziponye."

Nikawa nampeleka mimi. Kila siku, hata nikiwa mbele, hata siku niliyoona mtu wa Jinja anakuja na masanduku yake. Nikirudi, mkiani. Tajiri akaanza kununa.

"Wenzako wanaleta, wewe unaleta hadithi za mguu," akaniambia. "Mama Shadia, nakupenda, lakini mwezi huu ukiisha hivi, gari nampa mwanaume."

Sikulala vizuri. Nikiacha kumpeleka Bibi Rehema, mguu unaondoka. Nikiendelea, gari inaondoka, na mguu unaifuata. Nikasali, halafu nikaenda kwa Afande mbele ya madereva wote.

"Afande, naomba sheria mpya. Anayekwenda karibu akirudi, apewe nafasi yake."

Mafabi, aliyekuwa hodari wa boneti kuliko wote, akadakia. "Eh! Na tutajuaje ameenda karibu? Mimi nitasema nimefika kliniki kumbe nimetoka mbali kule Nakaloke."

"Wewe kweli ungesema hivyo," Afande akamjibu. "Mama, hapo ana maana. Laini bila nidhamu ni vita."

Nikarudi kwenye gari yangu nimevunjika moyo. Nikafungua buti kutafuta jerikeni, na kama kawaida tairi ya spea ilikuwa juu yake, nikaitoa nikaiweka chini. Afande akaikodolea macho.

"Mafabi, unaweza kwenda Nakaloke bila spea?"

"Na misumari ya sokoni kule? Afande, hata nikilewa siwezi."

"Basi sheria ni hii. Anayekwenda karibu anaacha spea yake hapa chini, inamshikia nafasi. Asiyetaka kuiacha, anakwenda mbali, na akirudi ni mkiani."

Wakanung'unika, lakini siku ileile niliiacha tairi yangu kwenye laini, nikampeleka Bibi Rehema, nikarudi nikaikuta imekaa mbele kama mtu mzima. Nilikaribia kuipa mkono.

Siku hazikupita nyingi, Mafabi akaweka tairi yake chini, akampakia mama mmoja wa hapo karibu. Njiani yule mama akabadili mawazo, akamwambia amfikishe Nakaloke. Mafabi akaona ni bahati, nafasi yake imeshikwa na safari ni ndefu. Simu ya Afande ikalia.

"Afande, nimepasukiwa."

"Pole sana, bwana. Uko kliniki?"

"Niko... Nakaloke, Afande."

"Tairi yako iko hapa," Afande akasema kwa sauti ili wote tusikie. "Imekushikia nafasi vizuri sana. Tuiambie nini?"

Mimi ndiye niliyempelekea spea yake, kwa kuwa nilipata abiria wa upande huo. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, yule mama anamsema.

"Mama Karibu, usiwaambie wenzetu."

"Wamecheka mpaka wamechoka, Mafabi. Leta jeki."

Baada ya siku ile hakuna aliyejaribu tena. Nilipougua malaria, Mafabi mwenyewe ndiye aliyempeleka Bibi Rehema, tairi yake imekaa chini. Tajiri akaacha kununa. Bibi Rehema alikatwa kidole kimoja tu, na kidonda kikafunga. Alhamdulillah, mguu upo mpaka leo.

Mimi sasa nimeacha usukani, ingawa sijazeeka. Ni goti la kushoto, goti la klachi. Gari yetu ilikuwa ya gia za mkono, na kwenye laini unasogea, unakanyaga, unasogea, unakanyaga. Daktari amesema basi, na Tajiri amempa gari mwanamke mwingine, nimefurahi. Goti nalipeleka kuchomwa sindano kliniki ileile.

Wiki iliyopita nilikwenda steji kama abiria. Nilitembea na fimbo, nikijua wananiona ninavyochechemea, na kila mtu anajua mwenye fimbo haendi mbali. Mbele alikuwa dereva mgeni asiyenijua. Akashuka. Akaenda mbele ya gari, akaweka mkono juu ya boneti, na moyo wangu ukashtuka. Kumbe anapangusa vumbi tu. Akazunguka mpaka nyuma, akafungua buti, na nikasikia tairi inatua chini, pu.

"Karibu, Mama," akasema, ananifungulia mlango. "Unaenda wapi?"